NDM imeonekana kwenye PCR, meropenemu inatoa duara la 24 mm: tumwamini nani?

#1 SahaniSafi
Wakuu, habari za majukumu. Nina Klebsiella pneumoniae iliyoota kwenye damu ya mgonjwa wa ICU. Sahani ya diski za dawa inasema hivi (upana wa duara ambamo bakteria hawakuota): seftriaksoni 6 mm (diski tupu, hakuna duara), seftazidimu 9, sipro 12, jentamaisini 10, amikasini 21, meropenemu 24. Kwa jedwali la CLSI (mwongozo wa Marekani), meropenemu ikifika 23 bakteria anahesabiwa anasikia dawa. Ikiwa 19 kushuka chini ni sugu. Ripoti imetoka na S, yaani anasikia (R ni sugu). Koloni ileile ilipelekwa chuoni kwenye mradi wa UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa), na PCR, kipimo cha kutafuta jeni, imerudi na NDM.

NDM kazi yake ni kuvunja meropenemu. Sasa kama jeni ipo, duara la 24 limetoka wapi? Na ripoti iachwe au irekebishwe? Wodini wameshaanza meropenemu gramu 1 kila baada ya saa 8.

#2 Bweha wa Kibada
Muulizeni mgonjwa. Akiamka akaomba uji, sahani ilisema kweli.

#3 Mzee wa Aga
Bweha umeanza. Kabla ya kugombana na jeni, tukague sahani. Sahani ya sentimita 9 inataka mililita 25 hivi za aga ya Mueller-Hinton ili kina kiwe 4 mm. Ukibana matumizi ukamimina 15, aga inakuwa nyembamba, dawa haina pa kushuka, inasambaa pembeni na duara linavimba. Vivyo hivyo ukitengeneza vimelea chini ya 0.5 McFarland (kipimo cha wingi wa bakteria kwenye mchanganyiko): bakteria wachache, duara kubwa. Mchanganyiko utumike ndani ya dakika 15, diski ziwekwe ndani ya dakika 15 baada ya kupaka, inkubeta nyuzi 35, saa 16 hadi 18.

Halafu E. coli ATCC 25922, ile ya udhibiti, ya siku hiyo ilitoa ngapi kwa meropenemu? Inatakiwa iwe kati ya 28 na 35. Ukiniambia 37, uzi umekwisha.

#4 Kisumu Ndogo
Ama ni diski zenyewe. Stima zikipotea usiku friji inapata joto, asubuhi mtu anafungua kopo diski zikiwa baridi, unyevu unaingia. Dawa inakufa ndani ya diski.

#5 Mzee wa Aga
Hapana ndugu yangu wa Kisumu, hapo umegeuza. Diski iliyokufa hutoa duara dogo, bakteria anaonekana sugu wakati si sugu. Imipenemu ndiyo mgonjwa mkubwa wa tabia hiyo. Hapa tatizo letu ni duara kubwa kuliko tulivyotarajia. Ushauri wa kuacha kopo lifikie joto la chumba kabla ya kulifungua ni sahihi, lakini haujibu swali hili.

#6 Plasmidi
Msikimbilie kulaumu mikono ya watu. NDM ni kimeng'enya cha zinki. Bila zinki mbili kwenye mdomo wake haivunji kitu. Unga wa Mueller-Hinton unatofautiana kiasi cha zinki, kampuni kwa kampuni na loti kwa loti. Aga yenye zinki kidogo inaifanya NDM iwe mvivu, na duara la meropenemu linapanuka. Jeni ipo, protini ipo, ila haina zana.

Na ndani ya mwili zinki iliyo huru ni kidogo sana kuliko ilivyo kwenye mchuzi wa maabara. Kuna kazi za panya zinazoonyesha meropenemu ikifanya vizuri dhidi ya bakteria wa NDM kuliko vipimo vya mirija vinavyotabiri.

#7 Dokta wa Zamu
Plasmidi, hiyo sentensi ya mwisho usiitamke mbele ya intani. Kesho atanambia "NDM tunatibu kwa mero".

#8 Plasmidi
Haha, dokta, nimesema panya. Mgonjwa wa damu sitamwachia meropenemu peke yake kwa hoja ya zinki. Ninachosema ni kwamba 24 na NDM vinaweza kukaa nyumba moja bila mmoja wao kuwa mwongo.

#9 Binti Mfamasia
Naongeza kitu ambacho ripoti za S na R huficha. Hata EUCAST (jedwali la Ulaya), 24 inahesabiwa inasikia, kwa maana ya tiba. Ila EUCAST wana mstari mwingine wa kushuku: meropenemu ikiwa chini ya 28 mm, tafuta karbapenemasi, yaani vimeng'enya vinavyovunja karbapenemu, jamii ya meropenemu. Kwa hiyo 24 ni namba ya kutiliwa shaka tangu mwanzo, PCR au bila PCR. Klebsiella ya kawaida haikupi 24.

Na anayependa kukaa hapo katikati ni OXA-48, karbapenemasi nyingine. Alitokea Istanbul, bakteria wa mwaka 2001, akaandikwa 2004, na tangu hapo sifa yake ni hiyohiyo: anavunja karbapenemu polepole, duara linabaki zuri, watu wanapita. Chuoni walipima OXA-48?

#10 SahaniSafi
Asanteni. Majibu kwa mpigo: E. coli ya siku ile ilitoa 33. Aga ya loti ileile nimeipima kwa rula, 4 mm. McFarland tunapima kwa mashine, si kwa macho. PCR ilikuwa ya pamoja kwa jeni tano za karbapenemasi: KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48. Mstari ulioonekana ni mmoja tu, wa NDM, kama bp 621 (urefu wa kipande cha DNA).

#11 Mzee wa Aga
Basi sahani imejitetea, nakubali nusu. Nusu nyingine inamuunga mkono Plasmidi bila yeye kujua: E. coli 25922 haina kimeng'enya chochote cha kuvunja karbapenemu, kwa hiyo hata aga ikiwa haina zinki kabisa, yenyewe itakupa 33 yake safi. Udhibiti huo hauwezi kugundua upungufu wa zinki. Unahitaji Klebsiella yenye NDM inayojulikana, kwa mfano ATCC BAA-2146, iwekwe kwenye aga ya loti ileile. Ikitoa duara kubwa kuliko kawaida yake, loti ndiyo mkosaji.

#12 Jeli na Rangi
Mmeshikilia sahani kana kwamba PCR imeshuka kutoka mbinguni. Mimi ningeanza na haya.

Kidhibiti tupu, kile kirija kisicho na DNA, kilikuwa safi? Kama nacho kilikuwa na mstari hata hafifu, kundi zima la siku hiyo ni la kutupa. Vyumba ni vitatu au ni meza moja? Ukifungua kirija cha PCR iliyokwisha kwenye meza unayochanganyia kesho, umemwaga mabilioni ya nakala za NDM hewani, na kila sampuli itakuwa na NDM hadi mwezi ujao. Pipeti za kuchanganyia zisivuke chumba, ncha ziwe na filta, koti la chumba cha jeli libaki chumba cha jeli.

Pili, bp 621 umeisoma kwa ngazi (rula ya DNA) ipi? Kwenye mchanganyiko huo IMP ni 232, VIM 390, OXA-48 438, NDM 621, KPC 798. NDM na KPC hazitofautiani sana kwenye jeli ya 1.5% iliyokimbizwa haraka. Kata mstari, utume ukasomwe mfuatano. Hadi hapo mimi sijaona NDM, nimeona mstari.

#13 Kisumu Ndogo
Jeli kasema. Na mimi naongeza: DNA ilitolewa kwa koloni moja safi au walichemsha mkwaruzo wa sahani? ICU imejaa Acinetobacter, bakteria mwingine. Ukichemsha mkwaruzo wenye Klebsiella nyingi na Acinetobacter chache, PCR itakuletea jeni ya Acinetobacter na wewe utaiandika jina la Klebsiella. Sahani ya diski inaonyesha wengi, PCR inaonyesha yeyote aliyepo.

#14 Plasmidi
Hoja nzuri. Ila kuna njia ya tatu na inapotea sana kwenye usafirishaji: plasmidi kudondoka. Jeni za NDM mara nyingi ziko kwenye plasmidi, kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu, na plasmidi ni mzigo. Ukimwotesha tena na tena kwenye aga isiyo na dawa, watoto wasio na mzigo wanakua haraka na kuwapita wenzao. Siku ya kupima diski ulikuwa na kundi lililopoteza plasmidi, siku ya kufungasha ulichota koloni iliyobaki nayo. Au kinyume chake. Bakteria wa mradi ahifadhiwe kutoka kwenye sahani ya kwanza, kwenye gliseroli asilimia 20 na nyuzi -80, si kutoka kwenye sahani ya nne ya kurudiarudia.

Dalili nyingine niliyoiona: amikasini 21. Plasmidi nyingi za NDM hubeba pia jeni za armA au zile za rmt, ambazo hubadilisha ribosomu na kuua karibu aminoglikosidi zote (jamii ya jentamaisini) kwa mpigo, amikasini ikiwemo. Hapa jentamaisini imekufa, amikasini iko hai. Hiyo inafanana zaidi na kifurushi cha kawaida cha CTX-M-15 (huvunja seftriaksoni) pamoja na aac(3)-II (huharibu jentamaisini). Haiondoi NDM, lakini inanifanya nitazame mara mbili.

#15 Bweha wa Kibada
Kwa hiyo hadi sasa: aga haina zinki, PCR imemwagika, kuna mgeni kwenye sahani, au mzigo umedondoka. Na mgonjwa je, bado ana dripu?

#16 Mzee wa Aga
Bweha, leo umesema neno. SahaniSafi, fanya mCIM, kipimo cha kuona kama bakteria anavunja karbapenemu, haihitaji mashine. Chukua lupu ya mikrolita 1 ya bakteria walioota usiku, weka kwenye mililita 2 za mchuzi wa TSB, tikisa sekunde 10 hadi 15. Tumbukiza diski ya meropenemu ya 10 µg, hakikisha imezama. Inkubeta nyuzi 35 kwa saa 4, usizidishe wala kupunguza zaidi ya dakika 15. Itoe kwa lupu, bonyeza ukutani mwa kirija maji yatoke, iweke juu ya sahani iliyopakwa E. coli 25922 ya 0.5 McFarland. Kesho yake soma: 6 hadi 15 mm ni chanya, 19 kwenda juu ni hasi, 16 hadi 18 ni kati. Vikoloni vidogovidogo ndani ya duara la 16 hadi 18 ni chanya.

Kirija cha pili weka pia mikrolita 20 za EDTA ya 0.5 M. EDTA inanyang'anya zinki. Kama cha kwanza ni chanya na cha pili duara limeongezeka kwa 5 mm au zaidi, una metalo (karbapenemasi inayotegemea zinki), yaani NDM, VIM au IMP. Cha kwanza kikiwa hasi, cha pili usikisome kabisa. Nimeona ripoti zimeandika "EDTA chanya" juu ya mCIM hasi.

#17 Jeli na Rangi
Na kama ana NDM na OXA-48 pamoja, EDTA itazima mmoja, mwingine ataendelea kula, duara halitaongezeka. Usije ukaandika "si metalo".

#18 Dokta wa Zamu
Nirudi kwa mgonjwa. Ripoti inaweza kusubiri, damu haisubiri. Nifanye nini usiku huu?

#19 Binti Mfamasia
Kama ni NDM ya kweli, silaha iliyosimama kwenye hoja ni aztreonamu pamoja na seftazidimu-avibaktamu. NDM haiwezi kuvunja aztreonamu, CTX-M ndiyo inayoivunja, na avibaktamu inamzuia CTX-M. Avibaktamu peke yake haigusi NDM, kwa hiyo kumpa seftazidimu-avibaktamu bila aztreonamu ni bure. Hospitali nyingi hazina hata moja ya hizo.

Inayobaki ni kolistini, na hapo ndipo watu huumizwa na vipimo. Dozi ya kwanza mtu mzima ni uniti milioni 9, kisha milioni 4.5 kila saa 12 kama figo ziko sawa, ukifuatilia kreatinini. Vichupa vingine vimeandikwa uniti, vingine miligramu za chumvi, vingine miligramu za kolistini yenyewe. Uniti milioni 1 ni kama mg 80 za chumvi, au kama mg 33 za kolistini yenyewe. Anayesoma 80 akadhani ni 33 anakosea zaidi ya mara mbili.

Amikasini imeonekana hai, 15 mg kwa kilo mara moja kwa siku, ongeza kwenye meropenemu uliyoanza. Meropenemu yenyewe endesha kwa saa 3 badala ya kusukuma kwa dakika 5. Kama ni OXA-48 au ni CTX-M tupu, utakuwa umefanya vizuri. Kama ni NDM, una amikasini.

#20 Mzee wa Aga
Na tafadhali kolistini msiniombe kwa diski. Molekuli yake ni kubwa, haitembei kwenye aga, duara linatoka lilelile kwa sugu na asiye sugu. Ipimwe kwenye visima vya mchuzi wenye viwango tofauti vya dawa.

#21 Kisumu Ndogo
Swali la wasiwasi: mbona tusitumie piperasilini-tazobaktamu, tuiache meropenemu? Kwa CTX-M tupu sahani nyingi zinaonyesha inasikia.

#22 Dokta wa Zamu
Jaribio la MERINO lilijibu hilo, lilichapishwa 2018. Wagonjwa wa damu wenye E. coli na Klebsiella sugu kwa seftriaksoni lakini wanaosikia pip-tazo: waliopewa pip-tazo walikufa 12.3% ndani ya siku 30, wa meropenemu 3.7%. Wengine wanasema tatizo lilikuwa vipimo vya maabara na kimeng'enya OXA-1 kilichojificha humo, ubishi upo hadi leo, ila kwa damu sithubutu. Kwa mkojo usio na homa ni habari nyingine: nitrofurantoini, au fosfomaisini kwa E. coli, huweza kutosha. Na mkojo wa mgonjwa mwenye mpira, toa mpira, weka mpya, chukua kwenye mpya. Sampuli iliyochotwa kwenye mfuko ni historia ya mfuko.

#23 Sista Galipoti
Nasoma kimya kimya naona mnazungumza dawa tu. Huyo bakteria kafikaje kwenye damu? Mkishamaliza mCIM njooni mkague kigari cha dawa.

Nitataja vitatu tu. Galipoti (kibakuli) ya pamba iliyolowekwa spiriti au savlon tangu asubuhi: pamba inanyonya kemikali, nguvu inashuka, bakteria wanaogelea humo, na kila kanula inasafishwa kwa pamba hiyo. Pamba iloweshwe pale pale unapochoma. Pili, chupa moja ya salaini ya nusu lita inayochomwa sindano ya kudumu juu, watoto wote wa wodi wanachanganyiwa dawa kutoka humo. Hiyo chupa moja inatosha kulipua wodi ya watoto wachanga. Tatu, sinki.

#24 Plasmidi
Sinki hasa. Kuna kazi ya Virginia ya 2017: waliweka E. coli inayong'aa kwenye kona ya bomba chini ya sinki, utando ukapanda juu kama sentimita 2.5 kwa siku hadi kwenye kichujio. Maji hayarushi bakteria kutoka chini kabisa. Yanarusha wakishafika kichujioni. Kwa hiyo kumwaga mabaki ya dripu za glukosi na antibayotiki kwenye sinki la kunawia ni kuwapikia na kuwafundisha kwa wakati mmoja.

#25 Mzee wa Aga
Na mwaka 2011 kituo cha kliniki cha NIH (taasisi za taifa za afya) kule Marekani, hospitali yenye kila kitu: mgonjwa mmoja mwenye Klebsiella ya KPC alikuwa ameshatoka, wiki tatu baadaye akaonekana wa pili. Wakafika 18, wakafa 11, sita kati yao kwa bakteria huyo. Walisoma jenomu nzima ndiyo wakajua nani kampa nani, na mlolongo haukufuata mpangilio wa vitanda.

#26 Bweha wa Kibada
Mimi nasema chanzo ni dukani. Mtu anaenda duka la dawa muhimu na mafua anatoka na sipro tano kwenye karatasi. Mtaniambia sinki?

#27 Binti Mfamasia
Bweha, dukani kuna makosa, sikatai. Lakini fikiria: meropenemu haiuzwi dukani kwa vidonge, ni ya mshipa. NDM haikulelewa na sipro ya karatasi peke yake. Ndani ya hospitali seftriaksoni ndiyo maji ya kunywa: anaingia na homa, seftriaksoni, anasubiri upasuaji, seftriaksoni siku saba. WHO imeiweka kundi la Watch (za kutumia kwa tahadhari), na huku kwetu inatumika kama ya Access (za chaguo la kwanza).

Halafu kuna septrini. Plasmidi ya CTX-M-15 mara nyingi hubeba na integroni (mkusanyiko wa jeni) yenye sul1 na dfrA, jeni za usugu kwa septrini. Unampa mtu septrini mg 960 kila siku kwa kinga, miaka kadhaa, unambakizia tumboni bakteria wa septrini, na huyo ana CTX-M mfukoni bila kuwahi kuona seftriaksoni.

#28 Mzee wa Aga
Nadharia tamu, ila kalenda inasumbua. CTX-M-15 ilionekana kwenye damu za watoto Muhimbili, sampuli za 2001 na 2002, kabla kliniki za dawa za VVU hazijasambaa nchini. Katika utafiti huohuo vifo vya watoto wenye bakteria wa Gram-hasi kwenye damu vilifika 43.5%, zaidi ya mara mbili ya wenye malaria.

#29 Binti Mfamasia
Mzee, septrini haikuanza na VVU. Ndiyo ilikuwa dawa ya nimonia ya watoto kwenye zahanati zote. Na SP ya malaria ilianza kama dawa ya kwanza 2001 hadi ALu ilipoipokea 2006; nayo ni salfa. Salfa ilikuwa inanyesha.

#30 Daktari wa Mifugo
Mnawasahau kuku. Oksitetrasaiklini kwenye maji, kolistini kwenye mchanganyiko wa vifaranga, hakuna siku za kusubiri kabla ya kuchinja. mcr-1, jeni ya plasmidi inayozuia kolistini, iliandikwa China mwishoni mwa 2015, ikipatikana kwa nguruwe, nyama na wagonjwa. Walipopiga marufuku kolistini ya kunenepesha mifugo mwaka 2017, mcr-1 ilishuka kwa wanyama na kwa watu.

#31 Kisumu Ndogo
Daktari, kwa mcr nakubali. Kwa NDM sioni kuku, naona ndege, ile ya abiria. Iligunduliwa London 2010 kwa watu waliotibiwa India, na watu wetu wangapi wanaenda India kila mwaka kwa figo na moyo? Mama wa Nevada aliyekufa 2016 na bakteria sugu kwa dawa 26 alikuwa amelazwa India kwa kuvunjika paja.

#32 Jeli na Rangi
Rekebisho: si London 2010. Ni mgonjwa wa Sweden aliyewahi kulazwa New Delhi, bakteria wa 2008, kimeng'enya kikaandikwa 2009. Ya 2010 ni ile iliyozungumzia Uingereza, India na Pakistani. Na Klebsiella za NDM-1 za Nairobi zilizoandikwa 2011 zilikusanywa kati ya 2007 na 2009. Kwa hiyo wakati Sweden wanaipa jina, Nairobi ilikuwa nayo tayari. Nani alimletea nani?

#33 Plasmidi
Na Mulago, Kampala, walipopima kwa diski na kwa PCR, wenye jeni za karbapenemasi walikuwa wengi kuliko waliokuwa sugu kwenye sahani. Mwanza pia, kazi ya 2014, karibu theluthi ya bakteria sugu waliopimwa walikuwa na jeni moja au zaidi, IMP ikiongoza. Swali la SahaniSafi si la hospitali moja. Mimi nasoma hapo jeni zilizolala, ambazo promota (swichi) yake ni dhaifu na zinasubiri kipande cha kurukaruka kama ISEcp1 kitue mbele yake.

#34 Jeli na Rangi
Na mimi nasoma hapo: someni mfuatano wa hiyo mistari kwanza.

#35 Bweha wa Kibada
Mwanza si ndiyo walikotoa bakteria akapewa jina la hospitali?

#36 Mzee wa Aga
Enterobacter bugandensis, kutoka damu za watoto wachanga wa Bugando, akaelezwa rasmi 2016. Ndugu zake wakakutwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Sasa Bweha umeshapata cha kusimulia baa.

#37 Sista Galipoti
Wakati mnaruka angani, mikono inanawiwa chini. Kitakasa mikono cha WHO, lita 10: ethanoli ya 96% mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya 3% mililita 417, gliseroli mililita 145, jaza maji yaliyochemshwa yakapoa hadi lita 10, funga, acha saa 72 ndipo itumike, ili peroksaidi iue spora za kwenye chupa. Chupa usijazie juu ya mabaki. Imalize, ioshe, ikauke, ndipo ujaze. Sakafu: Jik ya 3.5%, kipimo kimoja kwa sita za maji inakupa 0.5%, ya siku moja tu, na damu ifutwe kwanza maana klorini inakufa kwenye uchafu.

#38 SahaniSafi
Nimerudi. mCIM imesomwa asubuhi: duara 17 mm, hakuna vikoloni ndani. Kirija cha EDTA 24 mm. Chuoni wamejibu kwamba kidhibiti tupu kilikuwa safi, ila DNA ilichemshwa kutoka sahani ya pili, si koloni ya kwanza. Mfuatano bado.

#39 Mzee wa Aga
17 bila vikoloni ni kati. Si chanya, kwa hiyo 24 ya EDTA isisomwe, hata kama inatamanisha. Otesha upya kwenye MacConkey uhakikishe usafi, chota koloni tatu tofauti, kila moja mCIM yake na kirija chake.

#40 Plasmidi
Kutoka 17 kwenda 24 ni 7 mm. Mzee, sheria naijua, lakini hiyo inanuka zinki.

#41 Jeli na Rangi
Sahani ya pili. Nimesema.

#42 Kisumu Ndogo
Kama mna GeneXpert ya TB, mashine ni ileile, katriji ndiyo tofauti: Carba-R. Inasoma KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48 chini ya saa moja. Mikrolita 10 za mchanganyiko wa 0.5 McFarland kwenye kimiminika chake. Na kwa kuwa kirija hakifunguliwi, Jeli atakosa la kusema.

#43 Jeli na Rangi
Nitapata.

#44 Dokta wa Zamu
Homa imeshuka, presha imesimama bila adrenalini. Yuko kwenye meropenemu inayodondoshwa kwa saa 3 na amikasini, kreatinini inapanda kidogo. Msinifanye niandike "meropenemu imefanya kazi", kuna amikasini pia, na mpira wa mshipa mkubwa ulitolewa siku hiyohiyo.

#45 SahaniSafi
Ripoti nimetoa ya nyongeza: "meropenemu 24 mm, karbapenemasi inashukiwa, uthibitisho unaendelea, mgonjwa atengwe". Carba-R hatuna, naulizia mkoa wa jirani. Mzee, EDTA ya 0.5 M niliyotumia ni ya kuazima, nataka nitengeneze yetu. Unga hauyeyuki.

#46 Mzee wa Aga
Ile ya sodiamu mbili yenye maji mawili, gramu 18.6 kwa mililita 100. Haiyeyuki hadi pH ikaribie 8.0. Anza na mililita 80 za maji, koroga, ongeza NaOH kidogokidogo huku ukipima, itabaki nyeupe muda mrefu kisha itapotea ghafla. Ndipo ujaze hadi 100, kisha otoklevu. Na utuambie loti ya aga ni ipi.